Mashine ya Kupima Macho ya Watoto: Je, Tuinunue?



Siku moja baada ya kliniki ya watoto, akina mama watatu kutoka Bungu walibaki nyuma wakiwa na swali. Ndugu wa mmoja wao anayeishi mjini alikuwa amewasimulia kwamba siku hizi ipo mashine ndogo, mfano wa kamera, inayopima macho ya mtoto kwa sekunde chache tu. Mtoto hahitaji kusoma herufi wala kutamka neno. Hata akiwa wa miezi sita anaweza kupimwa.

"Mama nesi," waliniuliza, "kama kila familia ikichanga kidogo, hatuwezi kununua ya kwetu?"

Ni swali jema. Nilimwahidi kila mmoja wao kwamba nitalijibu katika ukurasa huu, ili na familia nyingine zisikie.

KWA NINI MACHO YA MTOTO HAYANGOJI

Kwanza yafaa tuelewe jambo moja. Mtoto hazaliwi akiona kama tunavyoona sisi watu wazima. Jicho hupokea mwanga, lakini kazi ya kutambua kilichoonekana hufanywa na ubongo, na ubongo huo hujifunza kuona kama unavyojifunza kusema. Mtoto asiyesikia maneno hawezi kujifunza kuyasema. Vivyo hivyo, jicho lisilopeleka picha safi haliwezi kuufundisha ubongo kuona.

Ikiwa jicho moja linapeleka picha safi na la pili linapeleka ukungu, ubongo hulitegemea lile zuri na kuliacha la pili. Hilo la pili huitwa jicho zembe. Kwa nje laweza kuonekana zima kabisa. Mtoto anakimbia, anacheza, anaokota hata punje ya mchele, kwa sababu jicho moja linamtosha. Haumwi, tena halalamiki, maana tangu azaliwe hajui kuona kwa namna nyingine.

Hali hii yaweza kutibiwa kwa miwani, au kwa kuliziba jicho zuri saa fulani kila siku ili lile zembe lilazimike kufanya kazi. Matibabu hufaa zaidi mtoto akiwa bado mdogo. Akishapita umri wa miaka 7 au 8, faida yake hupungua sana.

Upo pia ugonjwa wa mtoto wa jicho. Wengi tunadhani ni ugonjwa wa wazee, kumbe wapo watoto wanaozaliwa nao. Ukungu ukiwa mzito tangu kuzaliwa, upasuaji hufaa zaidi ukifanywa katika miezi mitatu ya mwanzo. Na ipo saratani ya jicho la mtoto, ambayo mara nyingi huanza kuonekana kama weupe ndani ya mboni. Ikiwahiwa, maisha ya mtoto huweza kuokolewa. Ikicheleweshwa, huua.

KARATASI ILIYOKUNJWA

Sasa nitawasimulia jambo ambalo si la kujivunia. Nilipokuwa muuguzi kijana, katika hospitali niliyofanya kazi wakati ule, bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa miezi minne kupata chanjo. Nilipomtazama yule mtoto niliona mboni zake zina weupe. Nilimwita mganga, naye akakubaliana nami. Nikaandika karatasi ya rufaa, nikamwambia bibi ampeleke mtoto hospitali kubwa, kisha nikamwita mama aliyefuata. Niliona kazi yangu imekwisha.

Mtoto yule alirudi akiwa na miaka mitano, safari hii kwa ajili ya homa ya mapafu. Mboni zilikuwa nyeupe vilevile. Karatasi yangu ilikuwa bado imekunjwa ndani ya kadi yake ya kliniki. Bibi alisema hakuwa na nauli, na tena jirani alimwambia kwamba mtoto akikua macho yatajisafisha yenyewe. Kwa nini hakurudi kutueleza? Hakuna aliyemwambia arudi. Mimi mwenyewe sikumwuliza hata kijiji anachotoka.

Baadaye alipasuliwa. Leo anaona mwanga na maumbo ya watu, lakini kusoma hawezi. Sasa angalieni: ugonjwa ule ulionekana mapema. Mashine haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakikisha kwamba mtoto amefika.

Wala jambo hili halikutokea kwetu tu. Mwaka 2005 wataalamu wa KCMC, Moshi, walichapisha habari za watoto walioletwa kwao na ugonjwa wa mtoto wa jicho. Wengi waliletwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya mzazi au mlezi kugundua kwamba macho yana kasoro. Kugundua walikuwa wamekwisha gundua. Kufika ndiko kulikochelewa.

MASHINE HIYO HUFANYAJE KAZI?

Wazo lake si la jana. Mwaka 1979 daktari mmoja wa Finland, Kaakinen, aliandika jinsi ya kumpiga mtoto picha ya macho na kuyachunguza kwa kuangalia mwanga unaorudi kutoka ndani. Mashine za leo hutumia njia hiyohiyo, ila kompyuta iliyomo ndani ndiyo inayosoma picha.

Mtoto hukaa mapajani mwa mama yake katika chumba chenye mwanga hafifu, ili mboni zifunguke vizuri. Mpimaji husimama kama hatua moja mbele yake. Mashine huwasha taa za rangi na kutoa sauti ili mtoto aitazame, kisha hutuma mwanga ambao sisi hatuuoni. Mwanga huo huingia machoni, hugonga nyuma ya jicho na kurudi. Kwa jinsi unavyorudi, mashine hukadiria kama mtoto anahitaji miwani, kama jicho moja linatofautiana sana na jingine, na kama macho yote mawili yanatazama upande mmoja. Mwishoni huandika: amepita, au apelekwe kwa mtaalamu.

Ni msaada mkubwa kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, ambao hawawezi kupimwa kwa chati. Lakini yapo mambo manne ambayo mzazi ayajue.

Kwanza, mashine haipimi mtoto anaona kiasi gani. Inakisia tu kama kuna jambo linaloweza kumzuia kuona.

Pili, kupita si hati ya uzima. Yako magonjwa ya macho ambayo mashine hii haikutengenezwa kuyatafuta. Mtoto akipita, nawe ukaendelea kuona kasoro, mpeleke hospitali.

Tatu, mtoto akilia au akigeuka-geuka, mashine hushindwa kusoma. Mtoto huyo asihesabiwe kuwa mzima. Arudiwe, na ikishindikana tena apelekwe kwa mtaalamu.

Nne, bei yake ni maelfu ya dola, bado hujahesabu umeme, betri na fundi. Ikiharibika huku mlimani, itashushwa hadi mjini ikatafutiwe mtu wa kuitengeneza.

Hata Marekani, ambako mashine hizi zimeenea, jopo la wataalamu linaloshauri juu ya kinga lilitoa ushauri wake mwaka 2017 kwa uangalifu. Lilisema kila mtoto apimwe macho angalau mara moja kati ya miaka 3 na 5. Kuhusu watoto walio chini ya miaka 3, lilisema ushahidi hautoshi kuamua kama faida inazidi madhara.

CHEKECHE LENYE MATUNDU

Huenda mtu akauliza: kumpima mtoto kuna madhara gani? Mwanga wenyewe haudhuru. Madhara hutokea mashine inapokosea.

Kila kipimo cha namna hii ni kama chekeche la unga. Matundu yakiwa makubwa, pumba hupita pamoja na unga: watoto wagonjwa wanaambiwa ni wazima. Matundu yakiwa madogo mno, hata unga mzuri hubaki juu: watoto wazima wanaambiwa ni wagonjwa. Ukubwa wa matundu hayo hupangwa na waliotengeneza mashine, na waweza kubadilishwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "mashine hii hugundua karibu wote", usiishie hapo. Mwulize pia: na wazima wangapi huitwa wagonjwa?

Kwa mkazi wa mjini, kuitwa bure hospitali ni usumbufu wa asubuhi moja. Kwa mama wa Bungu, ni kushuka mlima hadi Korogwe, kupanda basi la Tanga au Moshi, kutafuta mahali pa kulala, na kuacha shamba na watoto wengine nyumbani. Akifika akaambiwa mtoto hana kitu, atamshukuru Mungu. Lakini safari nyingine akiitwa, hatakuja. Na majirani waliosikia hawatakuja pia.

WALIYOYAONA JIRANI ZETU WA TRANS NZOIA

Upande wa Kenya, katika kaunti ya Trans Nzoia, jambo hili lilipimwa kwa makini. Daktari wa macho wa Kitale, Hillary Rono, na wenzake walichukua shule 50 na kuzigawa mafungu mawili kwa kura. Walimu ndio waliopima macho ya wanafunzi. Fungu moja walitumia chati ya karatasi yenye herufi E. Fungu la pili walitumia simu yenye programu iitwayo Peek, ambayo ilianzishwa na daktari Mwingereza Andrew Bastawrous na wenzake alipokuwa akifanya kazi Nakuru. Simu huonyesha herufi E, mtoto huonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi, na mwalimu hupitisha kidole kwenye kioo kufuata mkono wa mtoto. Hii si ile mashine ya mwanga. Ni ya watoto wanaoweza kuonyesha kwa mkono, na hawa walikuwa wa shule ya msingi. Hata hivyo ina mengi ya kutufundisha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kati ya kila watoto 100 wenye tatizo, simu iliwapata 77 na chati ikawapata 75. Kwa hiyo zililingana. Kati ya kila watoto 100 wazima, simu ilisema kweli kwa 91 na chati kwa zaidi kidogo ya 97.

Tuyaweke katika hesabu ya nyumbani. Tuseme tuna watoto 1,000, na 50 kati yao wana tatizo. Simu ingewapata kama 38, chati kama 37. Lakini katika wale 950 walio wazima, simu ingewaita bure kama 85, na chati kama 25 tu. Basi kwa kazi ya kupima peke yake, karatasi haikushindwa na simu.

Lakini tazameni kilichotokea baada ya kupima. Kati ya watoto walioambiwa waende hospitali, katika fungu la chati walifika 22 tu kwa kila 100. Katika fungu la simu walifika 54 kwa kila 100. Zaidi ya mara mbili!

Tofauti hiyo haikutoka kwenye kipimo. Ilitoka kwenye ufuatiliaji. Wazazi wa fungu la simu walipelekewa picha inayoonyesha jinsi mtoto wao anavyoona dunia, pamoja na picha ya anayeona vizuri. Mzazi aliuona ukungu huo kwa macho yake mwenyewe. Kisha wazazi na walimu walitumiwa ujumbe wa kuwakumbusha, tena na tena. Walifanyiwa kile ambacho mimi sikumfanyia yule bibi.

Hata hivyo, ukumbusho haukuwafikisha wote. Karibu nusu bado hawakufika.

NA WAKIFIKA, JE?

Safari haiishii mlangoni mwa hospitali. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya wanafunzi wa sekondari jijini Dar es Salaam waliokuwa na uoni hafifu. Baadhi walipewa miwani bure. Wengine walipewa cheti wakanunue. Baada ya miezi mitatu, waliopewa bure waliokuwa wakiitumia walikuwa 47 kwa kila 100. Waliopewa cheti tu walikuwa 26 kwa kila 100.

Maana yake ni kwamba miwani ya bure inasaidia kweli, lakini hata hiyo zaidi ya nusu hawakuivaa. Wapo wanaochekwa na wenzao. Wapo wanaohofu kwamba miwani itaharibu macho. Wazazi, naomba mnisikie: miwani iliyopimwa vizuri haidhoofishi macho ya mtoto. Kinachodhoofisha ni kumnyima miwani wakati ubongo wake ungali unajifunza kuona. Na mtoto aliyepasuliwa mtoto wa jicho atahitaji miwani na kurudi kliniki kwa miaka mingi. Upasuaji ni mwanzo wa matibabu tu.

JIBU LANGU KWA AKINA MAMA WA BUNGU

Sasa nalijibu swali lenu. Msichange fedha za mashine kwa sasa. Mashine si mbaya, na wageni wakija nayo wapelekeeni watoto. Lakini kuna vitu vinne vinavyotakiwa kutangulia, navyo ni vya bei nafuu.

1. Mtoto mchanga atazamwe mng'ao wa macho. Kwa kifaa kidogo cha kuangalia ndani ya jicho, muuguzi huona mng'ao mwekundu katika mboni zote mbili. Ukikosekana, au ukiwa mweupe, mtoto apewe rufaa siku hiyohiyo. Tochi ya kawaida haitoshi kwa kazi hiyo. Kipo kifaa kiitwacho Arclight kinachochajiwa kwa jua, na mkoani Kilimanjaro wauguzi wa kliniki za mama na mtoto wamekwisha kukijaribu. Mkitaka kuchangia kifaa, anzeni na cha namna hiyo, kisha mhakikishe wauguzi wamefundishwa kukitumia.

2. Chati ya herufi E iwepo katika shule ya awali na ya msingi. Mtoto wa miaka 4 au 5 anaweza kuonyesha kwa mkono miguu ya E. Kila jicho lipimwe peke yake, jingine likiwa limezibwa kwa kiganja bila kulibinya. Mwalimu aliyefundishwa anaweza kufanya kazi hii. Ndivyo walivyofanya Trans Nzoia.

3. Liwepo daftari la majina. Kila mtoto aliyepewa rufaa aandikwe jina, kitongoji, na siku anayotakiwa kwenda. Katika kila jumuiya ndogo ndogo achaguliwe mtu mmoja wa kuuliza: "Mmekwenda? Waliwaambia nini?" Akiuliza mara ya tatu asionekane msumbufu.

4. Uwepo mfuko wa nauli. Fedha ile mliyotaka kununulia mashine ingewafikisha hospitali watoto wengi. Mtoto mwenye ukungu mboni huanzia hospitali ya wilaya, na kwa upasuaji huweza kupelekwa KCMC Moshi, au Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam. Upasuaji wa macho ya mtoto mdogo huhitaji usingizi wa dawa na wataalamu wake. Haufanyiki kila mahali.

Siku mashine itakapoletwa, ulizeni maswali haya kabla ya kupanga foleni: Inafaa watoto wa umri gani? Imejaribiwa kwa watoto wa huku kwetu, au wa mbali tu? Wazima wangapi huitwa bure? Mtoto akikutwa na tatizo, ataonwa na nani, wapi, na nani atalipa? Atarudi nani hapa baada ya mwezi kuuliza kama alikwenda? Wasipokuwa na jibu kwa hayo mawili ya mwisho, wanawaletea majina ya wagonjwa, hawajawaletea matibabu.

DALILI AMBAZO MZAZI HUZIONA KABLA YA MASHINE

- Weupe au kijivu ndani ya mboni. Huonekana pia katika picha ya simu: jicho moja jekundu na jingine jeupe. Hii ni dharura.
- Mtoto wa miezi miwili hamtazami mama usoni, au wa miezi mitatu hafuati kitu kinachopita mbele yake.
- Macho yanayocheza-cheza bila kutulia.
- Kengeza linaloendelea baada ya miezi minne. Kengeza si bahati wala urembo.
- Mtoto halii ukiziba jicho moja, lakini hulia na kukusukuma ukiziba la pili. Huenda umeliziba jicho lake la pekee linaloona.
- Kusogeza daftari karibu na pua, kukunja uso, au kuinamisha kichwa upande mmoja anapotazama.
- Kuogopa mwanga, kutokwa machozi kila siku, au jicho moja kuwa kubwa kuliko jingine.
- Kujikwaa na kupapasa jioni giza linapoingia.

Ukiona mojawapo, usitie jicho maziwa, maji ya majani, wala dawa iliyobaki ya mtu mwingine. Usingoje mtoto akue. Usikubali kuambiwa "ni hali ya ukoo" na kurudi nyumbani. Mtoto apate chanjo ya surua kwa wakati na matone ya vitamini A kwa zamu yake, kwani vyote viwili hulinda macho.

Nimemaliza jibu langu. Lakini nina ombi kwa kila nyumba inayosoma ukurasa huu. Leo jioni fungua kadi ya kliniki ya kila mtoto uliye naye, uangalie ndani kama hakuna karatasi ya rufaa iliyokunjwa. Ukiikuta, hata kama ni ya mwaka jana, hata kama ni ya zamani zaidi, usione aibu. Njoo nayo hospitali. Sisi hatutakuuliza kwa nini ulichelewa. Tutakuuliza unatoka kitongoji gani, na tutaliandika jina la mtoto katika daftari.